Maji Haya Yanaingilia Wapi?



Sifa njema zote zinamstahiki Mwenyezi Mungu Mtukufu, aliyeitiisha bahari na mito ili vyombo vipite juu yake kwa amri Yake. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, wiki hii tumeona tuwaletee wasomaji wetu, hasa mama zetu na dada zetu, habari ya mashua iliyokuwa ikivuja na ya bibi mmoja aliyekataa kuipanda. Katika habari hiyo sisi wenyewe hatukuwa upande wa haki, na ndiyo sababu tunaiandika.

Anayeijua Garissa kwa kusikia tu huidhani kuwa nchi ya ngamia, vumbi na miti ya miiba. Yote hayo yapo. Lakini mji wetu umekaa kando ya mto Tana, mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, unaokwenda takriban kilomita 1,000. Hutoka katika milima ya Aberdare na Mlima Kenya, ukapita kwetu, ukapita Bura, Hola na Garsen, ukamwagika baharini Kipini. Mvua zinyeshapo huko juu, na mabwawa ya kuanzia Masinga hadi Kiambere yakajaa na kufurika, sisi tulio chini huweza kuamka tukayakuta maji mlangoni na hali hatujaona wingu. Ndivyo ilivyokuwa Novemba 2023, na ndivyo ilivyorudi kuwa mwezi wa Aprili 2024.

Mashua chini ya mwarobaini

Baada ya mafuriko yale ya kwanza, jamaa kadhaa wenye mashamba ya ndizi na maembe kando ya mto walichanga fedha, wakanunua mashua kuukuu ya tanga kutoka pwani ya Lamu. Ililetwa kwa lori kwa njia ya Garsen, pamoja na mlingoti wake, foromali yake na tanga lake. Mtoni tanga halina kazi kubwa, kwa hiyo nyuma ilifungwa injini ndogo ya petroli. Nia ilikuwa njema: iwe wakfu wa kuvushia watu maji yatakaporudi. Kisha ikalazwa chini ya mwarobaini. Jua la Januari na Februari likaipiga, Ramadhani ikaingia na kutoka, na watu wakaisahau.

Mwishoni mwa Aprili mto ukapanda. Barabara ya kwenda Nairobi ikakatika upande wa Madogo, watu wakawa wanavuka kwa boti mahali palipokuwa na lami. Ndipo ikatokea ile ajali ya Kona Punda, ambapo boti iliyobeba abiria ilizama katika mkondo. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lilitangaza kwamba watu 23 waliokolewa; wengine hawakujaliwa kurudi kwa watoto wao. Mwenyezi Mungu awarehemu. Hatuitaji ajali hiyo kwa kudai kwamba tunaijua sababu yake. Tunaitaja ili msomaji aijue hofu iliyokuwa nyoyoni mwa watu siku zile.

Siku hizo hizo, akina mama na watoto wa baadhi ya jamaa zetu walikuwa wamezingirwa na maji katika mwinuko wa ardhi ng'ambo ya mto. Unga ulikuwa unakwisha. Vijana wakaikumbuka mashua, wakaisukuma majini, nayo ikaanza kuvuja. Maji yalionekana nyuma, karibu na injini. Wakapaziba kwa matambara na lami. Wakaiacha usiku kucha imefungwa kitupu. Asubuhi ikawa kavu. Wakapanda, maji yakaja tena. Wakapaziba mara ya pili, na mara ya tatu wakapaka gundi ngumu kama jiwe. Kila mara ilipokuwa tupu ilikauka, na kila mara ilipobeba watu ilivuja.

Bibi aliyeuliza swali

Tulivuka pamoja na vijana watatu, tumechukua unga, sukari, maziwa ya unga na maji ya kunywa. Tulipofika ng'ambo, maji yalikuwa yametufika vifundoni. Tuliwaambia akina mama waanze kuwapandisha watoto. Vijana walisema ni maji ya mvua ya jana yaliyojificha chini ya mbao, nasi tukayakubali maneno hayo kwa kuwa yalitupendeza.

Bibi mmoja, mwenye wajukuu wanne mbele yake, alikuja mpaka ubavuni mwa mashua akainama, akatazama ngama, yaani pale chini kabisa maji yanapokusanyika.

"Maalim," akatuambia, "maji haya yanaingilia wapi?"

Kijana mmoja akamjibu kwamba yalikuwa yakiingilia nyuma, nako kumezibwa.

"Kama kumezibwa, mbona yamo?"

Hapo tukafanya kosa. Badala ya kumjibu swali lake, tulimwaidhia. Tulimwambia habari za kumtegemea Mwenyezi Mungu, na kwamba ajali haiji kabla ya saa yake. Tulikuwa na haraka, na mwenye haraka huyatafuta maneno ya dini yatakayompa ruhusa. Bibi akatusikiliza kwa adabu mpaka tukamaliza, kisha akasema: "Maalim, wewe ndiye uliyetufundisha kwamba Mtume alimwamuru yule bedui amfunge ngamia wake kwanza, kisha ndipo amtegemee Mungu. Ngamia wenu huyu hajafungwa. Tuachieni unga, mkamfunge, mje."

Hatukuwa na jibu. Tuliteremsha chakula, tukarudi tukifua maji njia nzima, mmoja kwa sufuria na mwingine kwa kopo la mafuta ya kupikia.

Fundi na maswali yake

Katika mji wetu yupo fundi mzee aliyekulia Matondoni, kijiji cha kisiwa cha Lamu kinachojulikana kwa uundaji wa vyombo. Siku hizi kazi yake ni milango na vitanda. Tulipomwendea usiku ule hakuuliza nyundo iko wapi. Aliuliza maswali. Je, inavuja ikiwa imesimama au ikiwa inakwenda? Ikiwa tupu au ikiwa na mzigo? Maji huja mara moja, au baada ya muda? Nani aliyaziba matundu, na kwa kitu gani?

Tulipomwambia kwamba ikiwa tupu haivuji, akasema: "Basi tundu haliko chini kabisa. Liko mahali ambapo maji hayafiki mpaka chombo kididimie kwa uzito wa watu. Nyinyi mmekuwa mkiijaribu wakati mgonjwa amelala."

Akatueleza kwamba baharini ni hivyo hivyo. Chombo kinapolalia upande wa demani kwa nguvu ya upepo, tundu lililo ubavuni hunywa maji. Nahodha akigeuza tanga, tundu hilo hutoka majini na ngama hukauka. Asiyeuliza chombo kilikuwa kimelalia upande gani huweza kulitafuta tundu siku nzima bandarini asilione.

Ama habari ya maji ya mvua, aliimaliza asubuhi kwa kikombe. Baharini fundi huyaonja maji ya ngama kwa ncha ya ulimi. Yakiwa ya chumvi, yametoka nje. Yakiwa matamu, yametoka juu kwa mvua, au pipa la maji ya kunywa limetoboka. Mtoni kwetu yote ni matamu, na ulimi hausaidii. Kwa hiyo alichota maji ya ngama katika kikombe cheupe akayaacha yatulie. Chini pakabaki tope la Tana. "Mvua haina udongo," akasema, na ule udhuru wetu ukafa hapo.

Omo na tezi

Kazi yenyewe ilikuwa ya subira. Kwanza aling'oa mbao za kukanyagia, akakausha ngama kwa matambara mpaka pasibaki hata tone, kwani katika maji ya zamani hayaonekani maji mapya. Pili, akanyunyiza unga wa chokaa katikati ya kila taruma na taruma, kutoka tezi mpaka omo, ili kila chumba kiwe na alama yake. Tatu, akaamuru magunia ya mchanga yapangwe mahali pale pale wanapokaa abiria, mashua ifungwe kwa kamba mbili kwenye miti ya ukingoni, na mtu asipande ila yeye na kurunzi yake.

Tulikaa ukingoni tukimtazama. Sote macho yetu yalikuwa nyuma, kwenye ile gundi. Chokaa ya nyuma ilikaa nyeupe. Baada ya muda fundi akatuita. Mbele kabisa, nyuma ya gubeti, chokaa ilikuwa imegeuka rangi, na mchirizi mwembamba kama uzi ulikuwa ukitambaa kando ya mkuku, ukipita taruma moja baada ya jingine, ukielekea nyuma, kwa kuwa injini na mwendeshaji wake huifanya tezi kuwa nzito na chini. Maji yalikuwa yakiingilia omo na kuonekana tezini. Mara tatu tulikuwa tumepaziba mahali yanapopumzika, na hakuna aliyetazama mahali yanapoingilia.

Tuliipandisha mashua nchi kavu, tukaiegemeza kwa magadi. Fundi akaziba njia ya maji kwa udongo wa mfinyanzi mbele, akajaza maji sehemu ile kwa ndani, kisha akatoka nje akakaa chini kusubiri. Haukupita muda, vichwa vya misumari mitatu iliyo katika safu moja vilianza kutoa matone. Chini ya kila kimoja palikuwa na mfereji mwekundu wa kutu. Alama hizo zilikuwepo siku zote; rangi ilikuwa imezifunika. Misumari ile ya chuma ilikuwa imeliwa na kutu, na mbao zilizokauka miezi mingi juani zilikuwa zimesinyaa na kuiachia nafasi.

Matundu yale hayakuzidi chembe ya mtama. Msomaji ataona ni kitu kidogo, basi na tupige hesabu. Tundu lenye upana wa milimita 3, likiwa nusu mita chini ya uso wa maji, huingiza takriban lita 50 kwa saa. Likipanuka hadi sentimita 1, huingiza zaidi ya lita 500 kwa saa, yaani mtungi wa lita 20 kila baada ya dakika mbili na ushei. Mama zetu wanaobeba mitungi hiyo wanaujua uzito wake. Nusu tani ya maji yanayosogea huku na huku ndani ya chombo kidogo huweza kukipindua hata kabla hakijajaa.

Fundi aliing'oa misumari, akachonga vijiti vya mti mgumu akavipigilia katika matundu ya zamani, akapiga misumari mipya kando yake, kila mmoja umezungushiwa chini ya kichwa pamba iliyolowa mafuta. Maungio ya mbao akayatia kalafati ya pamba kwa chembeu, taratibu, bila ya kuibana mno. Kisha akaibandua gundi ya vijana. Alituambia kwamba mbao zikiwa kavu huacha nafasi, na zikinywa maji huvimba. Pamba ni laini, hukubali kubanwa. Kitu kigumu hakikubali. Mbao zikivimba juu yake, ama huvunjika ama husukuma misumari ikatoka. Dawa iliyotiwa kwa pupa ilikuwa inaandaa ugonjwa wa pili.

Mashua ikarudishwa majini, ikaachwa ilowe usiku kucha. Asubuhi ikajaribiwa tena kwa magunia, kwa muda wa saa nzima. Tuliingiza mkono katika ngama, ukatoka na unyevu tu.

Kila chombo cha mbao huvuja

Tulimuuliza fundi kama sasa haitavuja tena. Akacheka. Kila chombo cha mbao huvuja, akasema. Tofauti ni kujua kinavuja wapi na kiasi gani. Wazee wetu wa visiwa vya Lamu na Wabajuni wa pwani ya kaskazini walisafiri karne nyingi kwa mitepe, vyombo ambavyo mbao zake zilishonwa kwa kamba za kumbi la nazi, na tanga lake lilikuwa mkeka. Mtepe ulivuja mno, na mabaharia wake walizoea kufua maji safari nzima. Leo haupo tena majini. Mifano yake midogo imehifadhiwa katika makumbusho ya Lamu na ya Ngome ya Mombasa.

Hata safina ya Nabii Nuh (A.S.) imetajwa katika Qur'ani Tukufu kwa mbao zake na vile vilivyozifunga mbao hizo. Wengi wamelifasiri neno hilo la Kiarabu kuwa ni misumari, na wako wataalamu wa lugha waliosema ni kamba za kufungia mbao. Vyovyote iwavyo, Mola aliyekuwa na uwezo wa kumwokoa Nabii wake bila ya chombo alimwamuru aunde chombo. Kutegemea hakukuondoa useremala.

Tena tunayo ile hadithi mashuhuri iliyosimuliwa na Nu'man bin Bashir (R.A.) katika Sahihi Bukhari, ya watu waliogawana jahazi, wengine juu na wengine chini. Wa chini walipochoka kupanda kuchota maji walifikiria kutoboa tundu katika sehemu yao, wasiwasumbue wa juu. Mtume (S.A.W.) akatufundisha kwamba wakiachwa wafanye watakavyo huangamia wote, na wakizuiliwa huokoka wote. Miaka mingi tumeisomesha hadithi hiyo darasani, na siku zote tulijihesabu miongoni mwa wale wenye kuzuia. Siku ile ng'ambo ya mto aliyezuia alikuwa bibi mwenye wajukuu wanne, na sisi tulikuwa upande wa tundu.

Kwa anayepanda chombo

Mama zetu, haki ya kuuliza ni yenu, na kuuliza si upungufu wa imani. Kabla hamjampandisha mtoto katika boti au mtumbwi, tazameni ngama. Kama mna maji, ulizeni yanaingilia wapi, na msiridhike na jibu la "ni ya mvua" mpaka yafuliwe mbele yenu na mwone kama yanarudi. Tazameni kama kuna chombo cha kufulia, na kama yuko mtu wa kufua asiyekuwa yule aliyeshika usukani. Ulizeni kama boti imekaguliwa na kupewa kibali cha kubeba abiria, na kama kuna jaketi la kuokolea kwa kila kichwa, watoto wakiwemo. Maji ya mafuriko yanayokwenda kasi juu ya barabara msiyavuke usiku. Na mkiona watu wamezidi, teremkeni, hata kama nauli imekwisha kulipwa.

Na walio na vyombo, wakumbuke kwamba abiria ni amana. Chombo kilicholala miezi juani kisipewe watu siku ya kwanza. Kipewe maji na magunia kwanza. Mkitafuta tundu, msianze mahali mnapoona maji. Kausheni, pakieni mzigo, fuateni mchirizi mpaka mwanzo wake.

Sisi tuliopewa kazi ya kusuluhisha nyumba za watu tumeondoka na somo jingine. Mara nyingi mume na mke hutujia na ugomvi wa fedha za matumizi, nasi tukazungumza fedha, wakapatana, wakarudi nyumbani. Mambo yakiwa mepesi hutulia. Mzigo ukiingia, ugonjwa au karo ya shule, maji hurudi pale pale. Tangu siku ile, kabla hatujatoa nasaha, twajitahidi kuuliza kama alivyouliza bibi yule.

Siku ya tatu tulivuka tena. Bibi alikuwa amesimama mahali pale pale. Aliinama, akatia mkono katika ngama, akautazama mkono wake. Kisha akapanda wa kwanza, akanyoosha mikono, tukampa wajukuu wake mmoja mmoja. Wote walivuka salama, walhamdulillah.

Mwenyezi Mungu awalinde wasafiri wetu wa nchi kavu na wa majini, awarehemu waliochukuliwa na maji, na atupe nyoyo za kukubali kuulizwa. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.